Jeni imebadilishwa jina, makala zake utazipataje? Mwongozo kamili wa kusachi bila kuacha nusu ya kazi nyuma

Kwenye pendekezo langu la utafiti niliandika sentensi moja niliyokuwa na uhakika nayo kabisa, kwamba tafiti kuhusu jeni hii ni chache sana. Jeni yenyewe ni ACKR1. Nilikuwa nimekaa PubMed, ile databesi ya makala za tiba na baiolojia, wiki nzima, naandika ACKR1, nasoma kilichotoka, karibu vyote vya miaka ya juzijuzi, nikasema basi, hapa pana pengo na pengo ni langu. Msimamizi akanirudishia karatasi, pembeni ya ile sentensi ameandika kwa peni nyekundu maneno matatu tu: "Na Duffy je?"

Nikarudi nikaandika Duffy, ikafunguka maktaba nzima. Kumbe jeni ni ileile, imeanza kusomwa kabla sijazaliwa, ila imepita kwenye majina kama mtu aliyehama mitaa mitano na kila mtaa wakampa jina lao. Tangu siku hiyo kila mwanafunzi anayeniambia "hamna makala kuhusu jeni yangu" namuuliza kwanza umesachi kwa majina mangapi, na mara nyingi jibu ni moja. Kwahiyo huu mwongozo ni kwa ajili yako unayeandika mapitio ya makala, tasnifu, au unataka tu kujua jeni fulani imefanyiwa nini. Unahitaji kompyuta, bando, na mchana mmoja wa utulivu.

Kwanza uelewe majina yanabadilikaje

Tukae na hii ACKR1 kidogo maana inafundisha karibu kila kitu.

Mwaka 1950 watu wa benki ya damu waligundua antijeni mpya, yaani alama juu ya chembe nyekundu, kwa mgonjwa aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi, wakaipa jina la ukoo la yule mgonjwa, Duffy, kifupi Fy. Mwaka 1968 jeni yake, wakati huo FY, ikawa ya kwanza kwa binadamu kujulikana iko kwenye kromosomu ipi nje ya zile za jinsia, ni kromosomu ya 1. Mwaka 1976 wakaja watu wa malaria wakaonyesha kwamba wasio na antijeni ya Duffy kwenye chembe nyekundu wana kinga dhidi ya Plasmodium vivax, kimelea kimojawapo cha malaria, na hapo ndo tukaelewa kwanini vivax ni adimu sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1993 wakaja watu wa kinga ya mwili, wao wakaiona kama kipokezi cha kemokini (kemikali zinazoita chembe za kinga) kwenye chembe nyekundu, kutoka hapo likazaliwa jina DARC. Mwishoni vipokezi vya aina hiyo vikapangwa upya kama familia moja, DARC ikawa ACKR1.

Umeona? Hawa watu wa damu, wa malaria na wa kinga kila mmoja kaandika kwa jina lake, kwenye majarida yake, na hamna aliyekosea. Majina rasmi ya jeni za binadamu yanasimamiwa na kamati inaitwa HGNC, iko Uingereza, na miongozo ya kwanza ya majina hayo ilitoka 1979. Kamati inabadilisha jina kwa sababu za maana, labda kazi ya jeni imejulikana, labda inatakiwa ikae na ndugu zake, labda jina linagongana na kitu kingine au linamdhalilisha mgonjwa.

Sasa shida iko hapa: jina likibadilishwa, databesi ya jeni inasahihishwa, ila pepa ya 1976 inabaki vilevile milele, hamna anayerudi kufuta Duffy na kuandika ACKR1. Na PubMed inasoma kichwa cha makala, ikisiri na maneno ya faharasa, haisomi pepa nzima. Kuna wakati inakuunganishia majina yenyewe na kuna wakati haiunganishi, usiitegemee kwa hilo.

Hatua ya 1: Tafuta namba, jina baadaye

Jina la mtu linaweza kubadilika akiolewa au akibadili dini, namba yake ya NIDA haibadiliki. Jeni nazo hivyohivyo. Fungua NCBI Gene, databesi ya jeni ya Marekani, andika jina lolote unalolijua, chagua la binadamu (au la kiumbe unachokitaka), ukifungua ukurasa wake utaona Gene ID. ACKR1 ni 2532. TP53 ni 7157. BRCA1 ni 672. Ukienda genenames.org utapata namba ya HGNC pia, BRCA1 kule ni HGNC:1100.

Andika hizo namba juu kabisa kwenye daftari lako kabla ya kitu kingine chochote. Siku ukichanganyikiwa, kwamba hii pepa inaongelea jeni yangu au ya jirani, utarudi kwenye namba. Kuna nyakati rekodi mbili zinaunganishwa na namba moja inastaafishwa, lakini ukiandika namba ya zamani ukurasa unakuonyesha mpya, kwahiyo hupotei.

Hatua ya 2: Kusanya majina yote, hata yale unayoyadharau

Fungua shiti, weka safu nne: jina rasmi, majina ya zamani, majina ya mtaani, majina ya protini. Halafu pita sehemu tatu. Genenames.org inakutenganishia vizuri kati ya jina rasmi la sasa, yaliyowahi kuwa rasmi, na yale ambayo watu waliyatumia tu bila kupitishwa. NCBI Gene ina mstari ulioandikwa "Also known as". UniProt inakupa majina ya protini. Kwa 2532 utatoka na ACKR1, DARC, FY, GPD, GpFy, CD234, CCBP1, WBCQ1.

Usiishie kwenye vifupisho. Andika na majina marefu: Duffy antigen, Duffy blood group, Duffy antigen receptor for chemokines, atypical chemokine receptor 1, erythrocyte chemokine receptor. Hilo la mwisho hulikuti kwenye orodha nyingi, mimi nililiokota kwa kusoma pepa za miaka ya tisini yenyewe, ndo maana nakwambia chukua mapitio mawili matatu ya zamani uone waandishi wa wakati ule walikuwa wanaongeaje.

Kingine kinachosahaulika kabisa ni kwamba jina la hali anayokuwa nayo mtu linabadilika pia. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana hesabu ndogo ya nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) kwenye damu na ni wazima kabisa. Kwa miaka mingi iliitwa "benign ethnic neutropenia", mwaka 2009 ikaunganishwa na jeni hiihii ya Duffy, na sasa wataalamu wengi wameanza kusema "Duffy-null associated neutrophil count" kwa sababu jina la kwanza linamfanya mtu mzima aonekane mgonjwa, na kuna watu wamecheleweshewa dawa au wamechomwa sindano za uboho kwa sababu ya hilo neno. Ukisachi kwa jina jipya pekee umekosa miongo ya kazi, ukisachi kwa la zamani pekee umekosa mjadala wa sasa hivi. Weka yote mawili. Ongeza na namba ya badiliko la jeni linaloleta hali hiyo, rs2814778, maana kuna makala za jenetiki zinataja hiyo kuliko jina la jeni.

Kama una orodha ya jeni mia mbili usifanye hii kwa mkono. Genenames.org wana kifaa kinaitwa Multi-symbol checker, unabandika orodha yote, kinakwambia kila moja ni jina rasmi, la zamani, la mtaani, au halijulikani.

Na tusidhani jina la zamani limekufa. Wodini hamna anayesema ERBB2, wanasema HER2. Hamna anayesema CD274, wanasema PD-L1. TP53 kila mtu anaita p53, na kwa panya inaandikwa Trp53. Yaani kuna pepa ya mwezi uliopita ambayo jina rasmi halimo hata mara moja.

Hatua ya 3: Pima kila jina peke yake

Hii watu wanairuka halafu wanalalamika wamepata makala elfu arobaini. Chukua jina moja moja, lisachi peke yake PubMed, soma vichwa 20 vya kwanza. Jiulize, ni jeni yangu?

CD234 ni safi, haina mpinzani. DARC safi kiasi. GPD ni mchafu, utaletewa vimeng'enya vya sukari. FY ni mchafu kupita kiasi, kwenye makala za uchumi wa afya FY ni mwaka wa fedha. Na kuna jeni ambazo jina lake rasmi ni neno la kawaida la Kiingereza, CAT, KIT, MET, REST, SET, hizo ukiziandika peke yake umekwisha.

Pembeni ya kila jina weka S kwa safi au M kwa mchafu, pamoja na namba ya makala ulizopata na tarehe. Tarehe ni muhimu, baada ya miezi sita hizo namba zitakuwa zimebadilika na utaulizwa.

Hatua ya 4: Jenga sachi yako kwa mafungu

PubMed ingia sehemu iliyoandikwa Advanced. Hapo unachagua Title/Abstract kwenye menyu, na kila sachi unayoifanya inahifadhiwa chini kwa namba, #1, #2, #3. Tumia hizo namba, usijaze kila kitu kwenye mstari mmoja, utapotea.

Fungu la kwanza, majina safi:

ACKR1 OR DARC OR CD234 OR GpFy OR "Duffy antigen" OR "Duffy blood group" OR "Duffy negative" OR "erythrocyte chemokine receptor"

Fungu la pili, majina machafu:

FY OR GPD OR CCBP1

Fungu la tatu, muktadha wa kuyasafisha:

erythrocyte OR malaria OR vivax OR chemokine OR neutrophil OR "blood group"

Fungu la nne ni neno la MeSH, ile faharasa ya mada ya PubMed, na hili ni dhahabu. Kwa Duffy lipo, linaitwa Duffy Blood-Group System. Hilo halijali mwandishi alitumia jina gani, makala imewekwa kwenye droo hiyo kwa sababu ya inachoongelea.

Halafu unganisha kwa zamu: kwanza #2 AND #3, hiyo itapewa #5, kisha #1 OR #4 OR #5. OR na AND ziandike kwa herufi kubwa, ndogo hazifanyi kazi ileile. Ukimaliza bofya Details kwenye historia uone PubMed imeelewa nini, maana kuna wakati inaongeza maneno yake yenyewe na unahitaji kujua.

Jambo moja la kuangalia, makala za kabla ya 1975 nyingi hazina ikisiri mle ndani, zina kichwa tu. Kwahiyo muktadha ukiubana sana zitakuponyoka, na ndo hizohizo zenye jina la zamani. Mimi kwa miaka hiyo nafanya sachi tofauti, majina ya zamani bila fungu la tatu, naweka kikomo cha miaka, nasoma vichwa kimoja kimoja. Ni kazi, lakini ni kazi ya saa moja.

Hatua ya 5: Jina moja, jeni mbili

Hapa ndo panaumiza kweli, na ndo pananipa hofu kuliko pengine pote, kwa sababu kukosa makala ni hasara ila kuchukua makala ya jeni nyingine na kuiweka kwenye jedwali lako ni kosa litakalonakiliwa na wenzako.

Mfano ni MLL2. Kuna jeni mbili, KMT2D iko kromosomu ya 12 na KMT2B iko kromosomu ya 19. Zote mbili zimewahi kuitwa MLL2. Na zote mbili zimewahi kuitwa MLL4! Mwaka 2010 ilipotangazwa kwamba mabadiliko kwenye MLL2 yanasababisha sindromu ya Kabuki, walimaanisha KMT2D. Ukichukua pepa za panya, Mll2 mara nyingi ni Kmt2b. Wote wako sahihi kwa kawaida ya mtaa wao, wewe wa tatu ndo unachanganya mkojo na maziwa.

Dawa yake haiko kwenye kisanduku cha kusachi, iko kwenye kusoma. Kila makala yenye jina lenye utata, nenda sehemu ya mbinu utafute kimoja kati ya hivi: kromosomu, namba ya mfuatano (zile zinazoanza na NM_ au NP_), namba ya UniProt, au primer (vipande vifupi vya DNA vya kunasia jeni) walizotumia. Ukikosa vyote, iandike kwenye orodha ya "haijathibitika", usiilazimishe.

Na kuna kinyume chake, majina mawili yenye historia iliyoungana lakini siyo jeni moja. Mwaka 1997 jeni ya cg2 kwenye kromosomu ya 7 ya kimelea cha malaria ilitajwa kuhusika na usugu wa klorokwini, mwaka 2000 ikaonekana mhusika ni jirani yake, pfcrt. Cg2 siyo jina la zamani la pfcrt. Usiziunganishe kwa OR ukadhani umekamilisha orodha.

Hatua ya 6: Kama unafanya malaria, majina yako PlasmoDB

HGNC ni binadamu tu. Kwa vimelea vya malaria nenda PlasmoDB, databesi ya jeni zao, na wengi wetu Afrika Mashariki kazi zetu ziko huku, kwahiyo soma taratibu.

Jenomu ya Plasmodium falciparum ilichapishwa 2002, jeni zikapewa vitambulisho vya kila namna kulingana na maabara gani ilisoma kromosomu gani. Baadaye vikanyooshwa vyote vikawa na sura moja. Kwa mfano PF3D7_1343700: PF ni kimelea, 3D7 ni aina iliyosomwa, 13 ni kromosomu, zinazobaki ni nafasi yake. Hiyo ndo K13, ile ya usugu wa artemisinini iliyojulikana 2014. Kitambulisho chake cha zamani ni PF13_0238. Ya pfcrt sasa ni PF3D7_0709000, zamani MAL7P1.27. Ya pfmdr1 ni PF3D7_0523000, zamani PFE1150w.

Angalia hii ya hrp2, protini ambayo kipimo cha haraka cha malaria kinaitafuta kwenye tone la damu. Kitambulisho cha sasa ni PF3D7_0831800, yaani kromosomu ya 8. Cha zamani ni MAL7P1.231, ukikisoma unaona 7. Mtu anayefuatilia vimelea visivyo na jeni hii, ambavyo kipimo kinavipita bila kuviona kama ilivyotokea Eritrea na Ethiopia, akikuta majedwali ya zamani yameandikwa hivyo anaweza kudhani ni jeni mbili. Ni moja.

Sasa K13 imenitoa jasho kwa sababu nyingine, nafasi na herufi. Watu wameandika K13, kelch13, kelch 13, Kelch-13, PfK13, Pfkelch13, K13-propeller. PubMed haijali herufi kubwa na ndogo, lakini "kelch13" na "kelch 13" kwake ni vitu viwili. Sachi yangu ni hii:

K13 OR PfK13 OR kelch13 OR "kelch 13" OR Pfkelch13 OR PF3D7_1343700 OR PF13_0238

halafu AND falciparum, maana K13 peke yake inaleta na mambo ya bakteria. Usiweke kelch* bila falciparum, binadamu ana protini nyingi za ukoo wa kelch na zote zitakuja. Na kwa mabadiliko yenyewe weka maumbo mawili, R561H iliyoripotiwa Rwanda 2020 kuna sehemu utaikuta Arg561His, vivyo hivyo A675V na C469Y za Uganda.

Hatua ya 7: Jaribu kama nyavu yako ina matundu

Chukua makala tano ambazo unajua kwa hakika zinahusu jeni yako, za miaka tofauti, moja ya zamani kabisa. Angalia kama sachi yako imezinasa. Ikikosa moja, ifungue uone ilitumia neno gani, ongeza, rudia. Halafu angalia ule mchoro wa miaka pembeni ya matokeo ya PubMed. Ukiona makala zinaanza ghafla mwaka fulani na kabla yake pamekauka, shuku jina kabla hujashuku sayansi. Mimi mchoro wangu wa ACKR1 ulikuwa unanipigia kelele wiki nzima sikuusikia.

Baada ya hapo toka nje ya PubMed. Europe PMC na Google Scholar zinaingia ndani ya pepa nzima, zitakupa zile ambazo jeni yako imetajwa kwenye jedwali tu. PubTator inajaribu kutambua jeni yenyewe na kuifunga kwenye Gene ID hata jina likitofautiana, inasaidia sana ila kwenye majina kama MLL2 nayo inaweza kukosea, kwahiyo rudi hatua ya 5. Na fuata marejeo kwa pande zote, iliyonukuliwa na waliomnukuu, maana mwanasayansi wa 2018 aliyeandika ACKR1 lazima kuna mahali amemnukuu wa 1976 aliyeandika Duffy.

Excel, kwa ufupi

Ukihifadhi orodha yako Excel, jeni kama MARCH1 na SEPT2 zinageuzwa tarehe kimyakimya, unafungua unakuta 1-Mar na 2-Sep. Utafiti wa 2016 ulikuta karibu moja ya tano ya makala zenye majedwali ya jeni ya Excel yana makosa haya. Ndo sababu mojawapo HGNC mwaka 2020 wakatangaza MARCHF1 na SEPTIN2. Kwahiyo hata hizi sasa zina majina mawili, sachi yote. Safu yako ya majina iweke kama Text kabla ya kubandika chochote.

Ukishamaliza

Sehemu ya mbinu andika sachi yako neno kwa neno, tarehe uliyoifanya, Gene ID, na majina yote uliyotumia. Weka sachi kama alert kwenye akaunti ya My NCBI ikuletee makala mpya kwa barua pepe, na wiki moja kabla ya kuwasilisha rudi genenames.org au PlasmoDB uangalie kama jina limebadilika tena ukiwa unaandika.

Na ukichapisha ya kwako, mfikirie mtu atakayekaa na bando lake la jioni miaka 20 ijayo. Kwenye ikisiri, siyo ndani, taja jina rasmi na majina mawili yanayojulikana zaidi, na kitambulisho kama ni kimelea. Ikisiri yangu mstari wa pili unasema ACKR1, zamani DARC, jeni ya antijeni ya Duffy. Jarida walitaka nipunguze maneno, nikapunguza kwingine, huo mstari nikaubakiza.